Maneno ya Mlangoni: Mafunzo Niliyopata Makanisani Italia

Vijana wanaojiandaa kwenda Italia, wa masomo, wa hija, wa utawani, huja kuniuliza waanze kukariri sala gani kwa Kiitaliano. Huwaambia waache kwanza. Misa unaijua, mwanangu. Umekulia ndani yake. Kengele ikilia utajua mmefika wapi, watu wakisimama utasimama, na Baba Yetu utaitambua kwa mapigo yake hata usiposhika neno. Usichokijua ni mambo ya mlangoni, ya kwenye benchi, ya sakristia na ya uwanjani baada ya baraka. Hayo hayamo katika kitabu cha sala, na ndiyo yaliyoniumbua mimi.

Nilikwenda Torino kusoma, nikakaa muda mrefu kuliko nilivyomwahidi mama yangu. Mji huo niliuona wa kwetu hata kabla sijaufikia. Nimekulia Iringa, ambako Wamisionari wa Consolata waliingia mwaka 1919, na shirika lao lilizaliwa Torino mwaka 1901 kwa juhudi za Giuseppe Allamano, padre aliyeongoza kanisa la hija la Bikira Maria Consolata mjini humo. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Basi mimi nikajiona ninakwenda kumrudishia ziara ambayo hakuifanya. Majivuno hayo yalidumu mpaka Jumapili ya kwanza.

1. Feriale si likizo

Mlangoni pa kanisa la Italia utakuta ubao wa saa za Misa, *orario delle messe*. Niliusoma kwa kujiamini. Chuoni nilishasikia wenzangu wakiita likizo zao *ferie*, hivyo *feriale* nikaifanya siku ya mapumziko, yaani Jumapili. Nikafika alfajiri na kitenge changu kipya, mlango umefungwa, uwanja mzima njiwa watupu. *Feriale* ni siku ya kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili na sikukuu ni *festivo*. Tena kuna *prefestiva*, Misa ya Jumamosi jioni au ya mkesha wa sikukuu, ambayo huhesabiwa kuwa ya sikukuu yenyewe. Hiyo imewaokoa wanafunzi wengi wenye treni ya Jumapili asubuhi.

Ukitaka kuuliza kwa mdomo, sema *A che ora è la messa?* Jibu litakuja kwa mtindo wa saa ishirini na nne, nasi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna kazi ya pili ya kutoa sita. *Alle diciotto* ni 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. *Alle dieci e trenta* ni saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole mbele ya mtunza sakristia, naye akadhani ninasali rozari.

Julai na Agosti ubao wote hubadilika na kuwa *orario estivo*, ratiba ya kiangazi. Misa hupungua kwa kuwa watu wameuhama mji. Ila tarehe 15 Agosti, wanayoiita Ferragosto, usidanganywe na maduka yaliyofungwa: ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na Misa zipo.

2. Mwambie mlinzi umekuja kusali

Makanisa makubwa ya Italia yana maisha mawili, ya ibada na ya utalii. Duomo la Milano lina tiketi kwa watalii, lakini anayekwenda kusali au kuhudhuria Misa halipi. Sikulijua hilo. Nilipanga foleni na watu wenye kamera, nikalipa, nikaingia na kuzungushwa kwenye njia ya watalii huku Misa ikiendelea upande wa pili wa kamba. Hela yangu ilinunua haki ya kuitazama Misa kwa mbali.

Sentensi niliyoikosa ni fupi: *Sono qui per la messa*, nimekuja kwa ajili ya Misa. Au *Vorrei entrare a pregare*, ningependa kuingia kusali. Iseme kwa utulivu ukimtazama mlinzi usoni, naye atakuonyesha mlango mwingine, mara nyingi wa pembeni. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Dada zangu, kanga moja kwenye mkoba inatosha. Nimewatoa wanawake wa mataifa mbalimbali kwenye aibu ya mlangoni kwa kanga yangu, na maandishi yake sikuwatafsiria.

Ndani, kabla ya kukaa, uliza *È libero?* Pana nafasi? Niliwahi kujikalia nafasi iliyo wazi karibu na nguzo, bibi mmoja akaja akasimama kando yangu. Hakunifukuza. Alisimama tu. Nilipoelewa tulikuwa tumeshamaliza somo la kwanza. Makanisa ya mitaa yana nafasi za watu ambazo hazijaandikwa jina, na swali lile moja linakuokoa. Atakujibu *Prego*, karibu. Kupita mbele ya magoti ya watu sema *Permesso*. Ukimkanyaga mtu mzima, *Mi scusi*.

3. Kinywa chetu kina bahati, ila kisijisahau

Irabu za Kiitaliano zinatukaa vizuri, na mkazo wa maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu. Ndiyo maana Mwitaliano atakusifu siku ya kwanza. Halafu utasoma *pace* kama ilivyoandikwa na sifa zitaisha. Kabla ya e na i, herufi c peke yake ni ch yetu: *pace* hutamkwa pache. Lakini ch yao ni k yetu, kwa hiyo *chiesa*, kanisa, ni kieza. Gn ni ny: *Signore* ni Sinyore. Z ya *grazie* ni ts. Na mkazo una waasi wake: Jumapili ni do-ME-ni-ca, si do-me-NI-ca kama nilivyokuwa nikitangaza kwa furaha kila wiki. Konsonanti zilizoandikwa mara mbili zivute. Kwa nini nasisitiza hilo, utaliona kwenye kitubio.

4. Don si jina la mtu

Tuna vyuo vya ufundi na vituo vya vijana vinavyoitwa Don Bosco, na mpaka nafika Torino, mji alikofanyia kazi, niliamini Don ni jina lake la ubatizo. Jina lake ni Giovanni. *Don* ndilo tamko la heshima kwa padre wa jimbo, na kwa kawaida hutangulia jina la kwanza, ingawa kwa Bosco limetangulia la ukoo. Padre wa shirika, Mfransisko kwa mfano au Mjesuiti au Mconsolata, ni *padre*. Wasalesiani, ingawa ni watawa, huitwa *don* kama mwanzilishi wao. Sista ni *suor* na jina lake, na usipojua jina sema *suora*. Askofu ni *Eccellenza*, kardinali *Eminenza*.

Kilichonitesa zaidi ni kukosa shikamoo. Nilizunguka na heshima yangu mkononi nisijue pa kuitua, nikaishia kumwambia paroko mzee *ciao*, mbele ya akina mama wa parokia. *Ciao* ni ya marafiki na watoto. Heshima ya Kiitaliano imejificha kwenye kitenzi: mkubwa unamwambia *Buongiorno, come sta?* na rafiki *come stai?* Herufi moja ndiyo inayobeba goti lote tunalopiga sisi. Kwenye kutakiana amani tu ndipo wote wanakuwa sawa: *La pace sia con te*, hata kwa bibi wa kwenye nguzo.

Kisha kuna salamu ambayo mtoto wa parokia za kwetu anayo tayari bila kujua. Kwenye nyumba moja ya watawa niliwakuta masista wazee wakisalimiana *Sia lodato Gesù Cristo*, na wa pili akaitikia *Sempre sia lodato*. Nikashtuka. Ni Tumsifu Yesu Kristo, ileile tuliyomwamkia nayo padre tangu tukiwa wadogo. Nilipoitamka kwa Kiswahili, kwa majaribio tu, sista mmoja kwenye kiti cha magurudumu akaitikia Milele na milele amina kabla sijamaliza, akauliza mahindi ya Iringa yameendeleaje mwaka huo. Siku hizi vijana wa Italia hawaitumii sana. Wazee na watawa bado, na kwa Wafransisko, Assisi hasa, utasikia *Pace e bene*, amani na mema.

Misa ikiisha, usikimbie. Uwanja wa mbele ya kanisa, *sagrato*, ndipo parokia inapoishi. Watu wanatakiana *Buona domenica*, Jumapili njema, na atakayekuona mgeni atauliza *Di dove sei?* Jibu *Vengo dalla Tanzania*, au *dal Kenya*, kisha useme kama wewe ni *di passaggio*, mpita njia, au umekuja kukaa. Ukisema umekuja kukaa, jiandae: kabla ya saa sita mchana utakuwa umeshaulizwa kama unaweza kuimba.

5. Majibu mafupi yatakuvusha

Kwenye benchi nyingi kuna *foglietto*, karatasi yenye masomo na sala za Jumapili hiyo. Chukua, soma humo yale marefu. Ya kukariri ni machache. Salamu ya padre hujibiwa *E con il tuo spirito*. Msomaji akimaliza kwa *Parola di Dio*, jibu *Rendiamo grazie a Dio*. Injili ikiisha na *Parola del Signore*, jibu *Lode a te, o Cristo*. Nilizichanganya muda mrefu mpaka nikajipa alama: nikiwa nimekaa nashukuru, nikiwa nimesimama nasifu.

Mwitaliano mwenyewe akikosea, usishangae. Toleo jipya la Misale ya Kiitaliano lilianza kutumika lazima Pasaka ya 2021, na lilibadilisha maneno hata ndani ya Baba Yetu, pale panapotajwa vishawishi. Waliokuwa wameisali tangu utotoni walijikwaa wote palepale. Kwa mara ya kwanza mimi na bibi wa nguzo tulikuwa darasa moja.

Misa yenyewe ni fupi. Hilo lilinishtua kuliko lugha. Nilitoka kwenye Jumapili za saa mbili na kwaya tatu, nikakuta mambo yamekwisha nikiwa bado najiweka sawa. Papa Fransisko aliwahi kuwaonya mapadre, Juni 2024, kwamba mahubiri yasizidi dakika nane, na walio wengi walikuwa hawako mbali na hapo. Matoleo nayo: nilinyanyuka na sarafu yangu nikatembea kuelekea altareni, kama kwetu, nikafika mbele nikakuta hakuna kikapu wala mtu. Kikapu kilikuwa kinapita kwenye mabenchi, kimyakimya, na kilishapita pangu. Kijana wa altare akanionea huruma akanishikia sarafu.

6. Milano ina ya kwake

Ukishajiona fundi, nenda Milano. Sehemu kubwa ya jimbo hilo hufuata liturujia ya Kiambrosi, iliyopewa jina la Mtakatifu Ambrosio, askofu wao aliyefariki mwaka 397, na mpangilio wake unamnyoosha mgeni. Nilikuwa bado naweka kitabu sawa baada ya sala za waamini, watu wakanigeukia mikono mbele. Amani! Kwao hutolewa kabla ya kuandaa matoleo, si kabla ya komunyo. Mwishoni padre anasema *Andiamo in pace*, twende na amani, na kanisa zima hujibu *Nel nome di Cristo*. Mimi peke yangu, kwa sauti ya kwaya ya Iringa, nilijibu *Rendiamo grazie a Dio*.

Kalenda pia si ileile. Majilio ya Milano yana wiki sita. Kwaresima huanza Jumapili, bila Jumatano ya Majivu, kwa hiyo sherehe za *carnevale* huendelea mpaka Jumamosi wakati sisi wengine tumeshafunga. Mwenyeji wangu aliniwekea maandazi yao matamu mezani siku ya Ijumaa. Nilikataa kwa uso wa mtakatifu, nikaonekana mwenye maringo, na maandazi yalikuwa mazuri, nimeyakumbuka mpaka leo.

Nimetaja majivu. Sehemu nyingi za Italia padre huyanyunyizia utosini badala ya kuchora msalaba kwenye paji la uso. Inamisha kichwa. Mimi niliinua uso.

7. Si kila ibada ni messa

Hili ni la wenzetu Walutheri wa KKKT, Wamoravian na wengine. Ibada ya Kiprotestanti Italia inaitwa *culto*, na jengo aghalabu huitwa *tempio*. Ukiuliza *messa* utaelekezwa kwa Wakatoliki. Torino kuna kanisa la Wavaldensi kwenye corso Vittorio Emanuele II, lililofunguliwa mwaka 1853, miaka michache baada ya Mfalme Carlo Alberto kuwapa haki za kiraia tarehe 17 Februari 1848. Watu hao walianza na Valdo wa Lyon katika karne ya 12, wakajiunga na Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1532, na kwa karne nyingi walisukumwa kwenye mabonde ya milimani magharibi ya Torino. Papa Fransisko aliingia katika kanisa hilo Juni 2015 akaomba msamaha kwa waliyotendewa na Wakatoliki.

Niliyajua hayo baadaye. Nilimsindikiza rafiki Mlutheri, na nilipomwona mchungaji, mwanamke, mlangoni, nikamshukuru kwa *la bella messa*. Alicheka mpaka akanishika bega. Angeweza kununa, na angekuwa na sababu za karne nyingi. Mchungaji mwanamke ni *pastora*. Meza ya Bwana ni *Santa Cena*. Na ukitaka kushiriki uliza kwanza, *Posso partecipare?* Swali hilohilo mgeni asiye Mkatoliki alibebe pia anapokwenda kwenye Misa, ingawa huko jibu kuhusu komunyo kwa kawaida ni hapana.

8. Makofi msibani

Jirani yangu alifiwa na mume. Nilikwenda nikiwa na bahasha ya rambirambi, tayari kwa vilio na nyimbo. Nilikuta kimya. Mlangoni palikuwa na daftari la kutia sahihi, ili familia ijue waliofika. Niliandika jina, bahasha ikanibaki mkononi. Baadaye mwanawe alinionyesha tangazo la msiba lililobandikwa ukutani: *non fiori ma opere di bene*, si maua bali matendo mema. Yaani mwenye kutoa apeleke kwa wahitaji, na familia ilikuwa imetaja wodi ya hospitali. Hapo bahasha yangu ikapata njia.

Maneno ni *Condoglianze*, au *Sentite condoglianze*, pole kutoka moyoni. Ukimfahamu mfiwa, *Le sono vicina*, niko karibu nawe, na mwanaume aseme *vicino*. Usijitungie hotuba.

Ila hakuna aliyenitayarisha kwa kilichotokea nje. Jeneza lilipotoka mlangoni, watu wakapiga makofi. Nilikasirika, nasema kweli. Kwetu makofi ni ya harusi na ya mkutano wa siasa. Nilimtazama mjane nione kama ameudhika. Alikuwa analia, kwa mara ya kwanza siku ile, huku naye akipiga makofi. Nikaacha kukasirika. Siku hizi hupiga na mimi, polepole, ingawa mikono yangu bado haijakubaliana na jambo hilo.

9. Piano ina maana mbili

Roma, kwenye basilika kubwa, vizimba vya maungamo huonyesha lugha ambazo padre anazijua, na unaweza kuuliza *Posso confessarmi in inglese?* Mahali pengine utaungama kwa Kiitaliano chako ulichonacho. Sema mwanzoni *Non parlo bene l'italiano*, na mapadre wengi hupunguza mwendo.

Nilianza kwa kutaja muda tangu maungamo ya mwisho, na mwaka ni *anno*. N mbili. Ukiitamka moja utakuwa umetaja kiungo cha mwili ambacho hakitajwi mezani, sembuse hapo. Padre wangu alikohoa. Kisha akanipa kitubio kwa maneno ya haraka ambayo sikuyashika, na mimi kwa adabu nikamwambia *Più piano, per favore*. Nilimaanisha aseme taratibu zaidi. Lakini *piano* ni taratibu na pia ni kwa sauti ya chini, na huyu alinielewa kwa maana ya pili. Akanong'ona. Nikarudia ombi langu. Akanong'ona zaidi, kwa haraka ileile. Mwishowe nikasema *Non ho sentito*, sijasikia, naye uvumilivu ukamwishia, akataja Salamu Maria ngapi kwa sauti ambayo foleni nzima nje ya pazia iliidaka.

Sema *più lentamente*. Mama mmoja wa kwenye foleni ile alinikumbusha idadi yangu nilipokuwa naondoka, nisije nikasahau moja.